Weusi wa Dawa

Miguu yangu ilianza kufa ganzi kabla sijajua kuwa nina sukari. Kinyozi husimama kutwa nzima, na mtu anayesimama kutwa nzima hashangai miguu ikichoka, ikawaka moto jioni, kisha ikanyamaza. Iliponyamaza nilifurahi. Nilidhani hatimaye imeizoea kazi. Daktari wa kliniki ya sukari ndiye aliyenieleza kwamba mishipa ya fahamu ya nyayo imekwisha, na kwamba kila jioni niwe nazikagua nyayo zangu kwa kioo. Nikamwambia vioo ninavyo, tena vikubwa. Hakucheka. Sikuwa nimekwenda kumchekesha, nikachukua vidonge vyangu nikaondoka.

Kidonda chenyewe kilianza kijinga. Mashine za kunyolea huwa na vichana vidogo vya plastiki vinavyochomekwa mbele ya meno, ili nywele zibaki na urefu anaoutaka mteja. Nilikuwa nimevua viatu kuipumzisha miguu, kichana kimoja kikadondoka kutoka mezani kikaingia kiatuni, nami nikavaa juu yake. Nikanyoa watu tangu asubuhi huku nimekikanyaga. Nilikitafuta kila mahali, hata nikamsingizia jirani yangu wa duka la simu kwamba amekichukua. Aliyeniokoa ni mteja wangu wa siku nyingi, mwalimu mstaafu. Alikuwa ameinamisha shingo, taulo begani, akasema bila kuinua kichwa, "Fundi, sitaki kukuharakisha, lakini hapa sakafuni pana damu na nadhani si yangu."

Nilivua soksi. Kichana kilikuwa kimezama chini ya kidole gumba, meno yote ndani ya nyama. Nikakichomoa, nikakiosha kwa spiriti, nikafunga mguu kwa taulo la zamani na kummalizia mwalimu kichwa chake. Sikuhisi kitu. Watu wanadhani kutohisi ni afadhali. Waacheni wadhani hivyo.

Binti yangu ndiye mwanangu wa pekee, na tangu mama yake afariki tunaishi wawili. Ni mtafiti katika maabara ya dawa. Kwa miaka kadhaa kazi yake imekuwa jambo moja tu, jeli ya kuwekea vidonda. Wateja walipoulizia kazi ya mwanangu niliwaambia anatengeneza jeli, wakadhani ni ya nywele, wakaniuliza kama atawapunguzia bei. Sikuwasahihisha. Nyumbani nilimwita Dokta Maji, kwa kuwa yeye mwenyewe aliniambia kuwa jeli yake karibu yote ni maji, maji yaliyofungwa ndani ya utando mwembamba unaotokana na maganda ya kamba wa baharini. Humo ndani wanatia chembe za fedha, fedha ya pete na vikuku, zilizotengenezwa ndogo kiasi kwamba hata hadubini ya kawaida haizioni. Jeli inakizuia kidonda kisikauke, na chembe zinatoka taratibu na kuua vijidudu. Akianza kulieleza jambo hilo wakati wa chai, tulikuwa tunaosha vyombo hajafika katikati. Nilimpenda sana alipokuwa akizungumza hivyo. Sikumwambia, sisi si watu wa kuambiana.

Wakati ule jeli ilikuwa imeshatoka maabara na kuanza kujaribiwa kwa wagonjwa, katika kliniki ya vidonda ya hospitali kubwa. Nilikwenda nikitembea kifua mbele, baba wa mwenye jeli. Wakanivika mpira wa kupimia presha kwenye kifundo cha mguu, wakapima, wakaitana, wakapima tena. Damu haishuki vizuri, wakasema, kuna mshipa umeziba huko juu, na kwenye majaribio hawamchukui mtu ambaye damu haimfiki mguuni. Nimwone kwanza daktari wa mishipa. Foleni ya daktari wa mishipa ilikuwa ya miezi.

Jioni hiyo nilimweleza binti yangu. Akaufungua mguu, akautazama, akaufunga. Kesho yake akarudi na kopo kwenye mkoba wa chakula, limezungushiwa karatasi ya foili, kwa sababu fedha ikipigwa na mwanga huwa nyeusi.

"Wamekuruhusu?" nikamuuliza.

"Ni mabaki, Baba. Yangemwagwa."

"Sikukuuliza kama yangemwagwa."

"Huyo daktari wa mishipa utamsubiri, sawa. Kidonda je, kitasubiri?" Akanivutia kigoda. "Kaa, nikuoshe mguu."

Nikakaa. Ningeweza kukataa, na mimi si mtu wa kusukumwa, waulize wanaokuja kunyoa kwa mkopo. Lakini alikuwa ameshapiga magoti sakafuni na beseni la maji ya chumvi, amevaa glavu, na nilikuwa na miaka mingi sijaguswa na mtu kwa upole. Aliosha, akakausha kwa pamba, kisha akachota jeli kwa kijiko bapa na kuitandaza. Ilikuwa ya rangi ya chai nyepesi, inang'aa. Nilimtazama tu, kwa sababu mguu wenyewe haukuniambia lolote.

"Maisha yangu yote nimewapaka watu jeli kichwani," nikasema, "leo nimepakwa mguuni."

"Ukitaka nikuchane pia," akasema, tukacheka wote wawili.

Basi ikawa ndiyo desturi yetu. Akitoka kazini ananiwekea kigoda, ananifungua, ananiosha, ananipaka, ananifunga. Kidonda kikaitika. Ule uoza wa mwanzo ukaisha, nyama ikaja nyekundu na safi, kingo zikaanza kusogeleana. Alikipiga picha na kunionyesha, akikuza kwa vidole kwenye simu yake, na sauti yake ikapanda kama alipokuwa mwanafunzi akiniletea matokeo ya mtihani. Nilirudi kusimama dukani. Kwa jambo la mishipa tukawa tunasema tu kwamba siku yetu ikifika tutakwenda.

Ngozi kandokando ya kidonda ilianza kubadilika rangi. Kwanza ikawa ya kijivu, kisha ikaiva zaidi. Nilipomwuliza hakujali kabisa.

"Ni fedha, Baba. Inaacha weusi. Hata manesi wa kliniki niliwaambia siku ile ya kuwafundisha, nikawaambia msiogope mkiona weusi, ni rangi ya dawa." Akavua glavu, akanionyesha ncha za vidole vyake. Zilikuwa na madoa ya kahawia iliyokolea, yaliyoingia mpaka chini ya kucha.

Nami nikamwonyesha vyangu. Vidole vyangu vimekuwa vyeusi tangu nilipoanza kuwapaka wazee rangi ya nywele, rangi imeshika kwenye mikunjo haitoki hata kwa sabuni ya unga. Tukaweka mikono yetu sambamba juu ya goti langu, wa kwake na wa kwangu, tukajisifu kwamba mkono wa mtu mwenye kazi yake haufichiki.

Kisha kidole cha pili, kile kilicho jirani na gumba, kikawa cheusi nchani. "Jeli imetiririka," akasema. Nikakiinamia, nikakikagua kwa jicho la kinyozi, nikaona rangi. Nimeona rangi ikitiririka kutoka kwenye paji la uso mpaka sikioni, ikashika pale pasipotakiwa, mteja akaenda nayo arusini. Kwa hiyo nikakubali. Siku nyingine weusi ulikuwa umepanda kidogo, tukasema ni fedha. Ukapanda tena, tukasema ni fedha. Fundi seremala angeshtuka, mama wa sokoni angeshtuka, mtoto wa chekechea angeuliza hicho ni nini. Sisi tuliokuwa tunashinda na weusi mikononi hatukushtuka.

Homa ilinishika dukani. Nikamwomba mteja radhi, nikafunga mlango na kukaa kwenye kiti changu mwenyewe, kile cha kuzunguka. Binti yangu alinikuta hapo. Akaifungua bandeji. Kidonda chini ya gumba kilikuwa kidogo, kisafi, kinakaribia kufunga, kazi nzuri ambayo mtu angejivunia popote. Kidole cha pili kilikuwa kikavu kama kipande cha mkaa, na kuanzia hapo mguu ulikuwa umevimba na kuwa mwekundu mpaka kwenye kifundo. Sasa kulikuwa na harufu. Akachukua pamba na spiriti yangu ya dukani, akasugua kidole. Akatazama pamba. Ilikuwa nyeupe. Akasugua tena, kwa nguvu, na mimi nilikuwa nikimwangalia tu kwa sababu mguu uliosuguliwa niliuona kama si wangu.

"Baba," akasema, "hii si fedha."

Hospitalini tulipokelewa na daktari wa upasuaji, mtu mfupi mwenye haraka. Aliukagua mguu, akapapasa nyuma ya goti akitafuta mapigo ya damu, akakunja uso. Akauliza ni nani aliyekuwa akifunga kidonda hiki, na ni kitu gani kilichopakwa.

Binti yangu alikuwa amesimama mwisho wa kitanda, amekumbatia viatu vyangu ndani ya mfuko wa plastiki. Nilijua nini kitatokea akisema. Alichukua dawa ya majaribio kwa kificho akampaka mtu ambaye kliniki ilikuwa imemkataa, tena kwa sababu hiihii ya damu. Hilo kwao halina msamaha. Angefukuzwa, na asingeajiriwa tena mahali popote panapotengenezwa hata sabuni. Akafungua kinywa.

"Mimi mwenyewe," nikasema.

"Ulipaka nini, Mzee?"

Kitu cheusi nilichokijua kilikuwa kimoja tu. "Rangi ya nywele."

Daktari akaniangalia. "Rangi ya nywele."

"Mimi ni kinyozi."

Basi akaninyoa bila maji. Alisema mbele ya manesi na mgonjwa wa kitanda cha pili kwamba watu wazima ndio wanaomchosha kuliko watoto. Alisema kidole kilikuwa kinakufa kwa kukosa damu, kwamba ningekuja kilipoanza tu kubadilika nchani wangejaribu kuuzibua mshipa na huenda mguu wote ungebaki, na kwamba sasa uoza umeshapanda na hana la kufanya isipokuwa kukata chini ya goti. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Nilimtazama binti yangu kwa lile jicho nililokuwa nikimtazama nalo akiwa mdogo, mbele ya wageni. Akafunga kinywa.

"Kata," nikamwambia daktari, nikatia sahihi.

Watu walikuja kunipa pole wakishusha sauti, na mimi sipendi mtu anayeshusha sauti mbele yangu. Waliniuliza najisikiaje, nikawaambia vizuri. Haikuwa uongo. Nilikuwa najisikia vilevile kama nyayo zangu zilivyokuwa zikijisikia, yaani sikuwa najisikia kabisa. Nilikula nilicholetewa na kulala nilipoambiwa nilale. Nilirudi nyumbani na magongo, na binti yangu alikuwa amesogeza vitu vyote sebuleni ili nipite. Sikumshukuru, naye hakungoja kushukuriwa.

Nilirudi na kazini. Alininunulia kiti kirefu chenye magurudumu, nikawa nanyoa nimekaa, nikijisukuma kumzunguka mteja kwa mguu mmoja. Habari za rangi ya nywele zilikuwa zimeshafika kabla yangu. Yule mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa na ndugu mtaani kwetu, na mtaani kwetu neno halihitaji nauli. Wateja walinitania. Mmoja aliuliza kama niliupaka mguu kwa sababu ulikuwa na mvi. Nilicheka nao, hata nikaongeza chumvi zangu mwenyewe, nikasema nilitaka ufanane na viatu. Binti yangu aliingia siku moja akanikuta katikati ya kicheko hicho. Aliweka chakula changu mezani akatoka.

Nilikuwa na hasira naye. Nalisema wazi kwa kuwa sikuweza kulisema wakati ule. Haikuwa kwa ajili ya mguu, mguu tuliupoteza pamoja. Nilikasirika kwa sababu pale kitandani nilimwashiria anyamaze, naye akanyamaza upesi mno. Nilikuwa nimetaka anyamaze, na nilikuwa nimetaka akatae.

Jioni moja mezani aliniambia, akiangalia sahani yake, kwamba majaribio yanaendelea vizuri na wameongeza wagonjwa kliniki.

"Vizuri," nikasema.

"Baba, nataka..."

"Kula. Chakula kinapoa."

Akala. Kila siku alikwenda kazini na kurudi, akaniuliza kama nimekunywa dawa, nikamjibu nimekunywa. Hakukuwa tena na hadithi za maganda ya kamba wakati wa kuosha vyombo. Nilidhani tutamaliza maisha namna hiyo, na sikuona ubaya wake.

Kidonda cha mguu uliokatwa kilikuwa kikisafishwa kwenye kliniki ileile ya vidonda iliyonikataa. Tulikaa wagonjwa kwenye benchi refu mbele ya pazia, na zamu ikifika unavuka upande wa pili. Pazia lilikuwa halifungi vizuri na Sista, nesi aliyetusafisha vidonda, hakuwa na habari nalo, kwa hiyo kila mtu aliona kidonda cha kila mtu. Sista alikuwa mama mnene mwenye mikono myepesi, nampenda. Alikuwa akiniita Mzee wa Rangi.

Siku hiyo niliketi karibu na fundi saa. Alinieleza kazi yake kabla hata sijamwuliza hali, akanishika mkono na kuitazama saa yangu, akasema inachelewa na nikipata nafasi nimpelekee. Mguu wake ulikuwa na kidonda cha unyayoni, wa ganzi kama wangu, na alikuwa kwenye majaribio. Alijivunia jambo hilo.

"Dawa ya kisasa," aliniambia. "Ina fedha ndani. Mimi na umri huu nimepakwa fedha mguuni, mke wangu hajawahi kuvaa hata kipini."

"Kinapona?"

"Utaona mwenyewe. Kinafunga."

Zamu yake ikafika. Sista akakaa kwenye kistuli, akaufungua mguu, nami nikaona kupitia pengo la pazia. Alisema kweli, kidonda kilikuwa kinafunga, chekundu na kisafi. Ngozi ya pembeni ilikuwa ya kijivu. Na kidole cha pili, nchani, kilikuwa cheusi.

"Na hiki?" fundi saa akauliza, bila wasiwasi.

"Hiyo ni rangi ya dawa, Mzee wangu. Tulifundishwa. Fedha huacha weusi, usiogope."

Nilijua aliyewafundisha. Nilijua na maneno aliyotumia, maana niliambiwa nyumbani, nimekaa kwenye kigoda. Nikakitazama kidole kile. Weusi ulikuwa mdogo, haujapita kucha, umekauka, na unaishia kwa mstari, upande wa juu ambako jeli haijafika. Fundi saa alikuwa akimsimulia Sista habari za saa ya ukutani ya hospitali, kwamba imesimama na hakuna anayejali. Alikuwa bado na miguu miwili.

"Sista," nikasema, "hiyo si rangi."

Akageuka, akatabasamu. "Mzee wa Rangi, umeanza."

"Sifanyi mzaha. Mpelekeni akapimwe damu ya mguu."

"Huyu alipimwa vizuri kabla ya kuanza. Wewe tulia, zamu yako inakuja, na leo nitakukagua mfukoni kama umebeba kopo la rangi." Benchi zima likacheka. Walikuwa wanaijua hadithi yangu, nami ndiye niliyewazoesha kuicheka. Fundi saa naye alicheka, mguu wake mkononi mwa Sista.

Ningesema nini zaidi? Mbele yao nilikuwa mtu aliyejipaka rangi ya nywele kwenye kidonda. Hakuna neno langu kuhusu kidole cheusi ambalo lingesikilizwa katika chumba kile, na nilikuwa nimejifanyia hivyo mwenyewe. Ningeweza kusema ukweli, na wangesema mzee sasa anamsingizia mwanawe. Sista alishachota jeli. Nikatoa simu.

"Baba?" Binti yangu aliitika haraka. Sikuwa na kawaida ya kumpigia akiwa kazini. "Kuna nini?"

"Niko kliniki. Kuna mzee hapa, ni fundi saa, anapakwa jeli yenu. Kidonda kinafunga vizuri. Kidole cha pili kimekuwa cheusi nchani. Sista anasema ni fedha."

Hakujibu. Nilisikia mlio wa mashine za kule kwake, na mtu akimwuliza kitu, naye hakumjibu huyo pia. Ilikuwa rahisi kumsaidia. Ningeweza kumwambia usiogope, au nitalimaliza mimi, au sahau nimepiga. Nilikuwa nimeshamjibia mara moja. Nikashika simu sikioni na kunyamaza.

"Weusi umepita pale jeli ilipofika?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Umepita."

"Ukisuguliwa?"

"Hawajausugua. Wameamini."

Akavuta pumzi. Nilimsikia akitembea, mlango ukafungwa, mlio wa mashine ukakatika.

"Mpe Sista simu," akasema.

Nikainuka na gongo langu, nikavuka pazia, nikampa. Sista aliipokea kwa bega, kwa kuwa mikono ilikuwa na glavu, bado anatabasamu. "Naam, Dokta... Ndiyo, ninaye hapa... Lakini si ulitufundisha mwenyewe..." Kisha akaacha kusema. Alisikiliza kwa muda mrefu. Tabasamu likaondoka. Akautazama mguu wa fundi saa, akanitazama mimi usoni, akaitazama suruali yangu iliyokunjwa na kubanwa kwa pini chini ya goti. Akachukua pamba, akailowesha, akasugua ncha ya kidole. Akaitazama pamba.

"Nimeelewa," akasema kwenye simu. "Sasa hivi. Ndiyo, sasa hivi." Akamwita nesi mwenzake alete kiti cha magurudumu na ampigie daktari wa mishipa.

Fundi saa alikuwa anatugeukia mmoja baada ya mwingine. "Kuna nini? Mbona mmebadilika?"

"Tunakwenda kupima damu ya mguu tena, Mzee wangu," Sista akasema. "Dokta anasema hiki kidole si rangi. Anasema yeye mwenyewe aliwahi kumpaka mgonjwa nyumbani, akaona weusi huu huu, akadhani ni fedha." Akavua glavu. "Anasema mgonjwa huyo alikatwa mguu."

"Mgonjwa gani huyo?"

Sista akanigeukia. Benchini hakuna aliyekuwa anacheka tena.

"Ni mimi," nikamwambia fundi saa. "Na huyo anayezungumza ni binti yangu."

Wakamkalisha kwenye kiti, wakamsukuma kuelekea kwenye korido, naye akaenda amegeuza shingo akinitazama. Sista akanirudishia simu. Nilidhani imekatwa. Nilipoiweka sikioni nilimsikia binti yangu akipumua.

"Baba, nimemwambia."

"Nimesikia."

"Nimemwambia yote. Na kopo. Na kwamba walikuwa wamekukataa." Akasubiri. "Naenda kwa mkuu wangu sasa hivi, kabla hawajampigia wao. Nikirudi nyumbani leo, nadhani sitakuwa na kazi."

Nilitaka kumjibu nenda, mwanangu. Nilikuwa nimeshafungua kinywa. Lakini tangu waukate ule mguu sikuwa nimetoa hata chozi moja, si kitandani, si nyumbani, si dukani walipokuwa wakinicheka, na machozi yote hayo yalichagua kuja wakati ule. Nikakaa kwenye kistuli cha Sista, katikati ya wagonjwa, pazia liko wazi, nikalia kwa sauti mbele ya watu. Sikuikata simu. Nilitaka anisikie.